ZIRYAB: ALIYEHAMIA CORDOBA NA UDI WAKE MKONONI



Vijana wenzangu, ukikaa barazani baada ya Tarawehe ukasikiliza mazungumzo, hayakosi mambo mawili: mpira na safari ya kwenda majuu. Huyu ana binamu yake London, yule ana rafiki aliyefika Ujerumani, mwengine yuwangoja visa mwaka wa pili sasa. Utadhani kuhama ni jambo lililoanza na ndege. Lakini zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, Muislamu mmoja mweusi wa rangi alitoka Baghdad yeye na jamaa zake, akavuka nchi na bahari mpaka akaingia mji mkubwa wa Ulaya. Hakuwa na jeshi wala mali ya urithi. Alichokuwa nacho ni sauti yake, udi wake na adabu alizofunzwa. Mji ule ulikuwa Cordoba, ambao Waarabu waliuita Qurtuba, katika Hispania ya leo. Jina lake ni Abul-Hasan Ali bin Nafi, lakini ulimwengu wamjua kwa jina la Ziryab.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: mbona mwanamuziki, na huu ni mwezi wa Qur'ani? Ni swali zuri. Maulamaa wana mjadala mrefu kuhusu ala za muziki. Wako wanaokataza na wako wanaoruhusu kwa masharti. Makala hii si fatwa, na mwenye kutaka hukumu na amuendee sheikh wake. Sisi hapa twasimulia historia tu, na ndani ya historia hii mna habari za husuda, za ugeni na za amana. Hayo yatugusa sote, mwenye kupenda muziki na asiyeupenda.

MWANAFUNZI ALIYEMSHINDA MWALIMU

Ziryab alikulia Baghdad mwishoni mwa karne ya 8, wakati wa dola ya Bani Abbas. Hakuwa mtoto wa kabaila. Alikuwa mawla, yaani mtu wa jamii ya watumwa walioachwa huru wakabaki chini ya himaya ya mabwana zao. Ziryab ni jina la ndege mweusi mwenye sauti tamu, na alipewa jina hilo kwa sababu ya weusi wa ngozi yake na uzuri wa sauti yake.

Mwalimu wake alikuwa Ishaq al-Mawsili, mwana wa Ibrahim al-Mawsili. Baba na mwana hawa ndio waliokuwa mabingwa wa muziki katika kasri ya Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala toka mwaka 786 hadi 809. Kuwa mwanafunzi wa Ishaq zama zile ilikuwa ni mlango wa riziki. Kijana alisikiliza, akahifadhi, na kimyakimya akaanza kuvumbua vitu vyake mwenyewe bila mwalimu kujua.

Kisa mashuhuri kimeandikwa na al-Maqqari, mwanahistoria wa Maghrib aliyefariki mwaka 1632. Asema kuwa siku moja Khalifa alimtaka Ishaq amletee muimbaji mpya. Ishaq akamtaja mwanafunzi wake. Kijana alipofika mbele ya Khalifa akaambiwa atumie udi wa mwalimu wake, naye akakataa kwa adabu. Alieleza kwamba kama Khalifa yuwataka nyimbo za Ishaq, basi udi wa Ishaq watosha. Lakini kama yuwataka nyimbo zake mwenyewe Ziryab, hana budi kutumia udi wake alioutengeneza kwa mkono wake. Udi huo kwa macho ulikuwa kama mwengine wowote, lakini ulikuwa mwepesi zaidi kwa thuluthi, na nyuzi zake nzito zilisokotwa kwa utumbo wa mtoto wa simba.

Akaimba, na Khalifa akafurahi mno. Akamuamuru Ishaq amtunze kijana huyu mpaka atakapomuita tena.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Ishaq alitoka pale moyo ukimuwaka moto. Walipokuwa peke yao alimkabili mwanafunzi wake bila kuficha. Alikiri kuwa husuda imemshika, kwani watu wa kazi moja hawakosi kuoneana wivu, na kwamba hata mwanawe wa kumzaa asingemuachia cheo chake. Akampa mambo mawili achague: ahame aende mbali, na yeye Ishaq atamsaidia kwa mali ya safari, au abaki Baghdad na ajue kuwa amepata adui asiyelala. Ziryab alichagua kuhama. Khalifa alipomuulizia baadaye, Ishaq alisema yule kijana ni mtu wa kurukwa na akili, adai kuwa majini humfunza nyimbo usiku, na ameondoka mwenyewe kwa hasira.

Hebu tafakari, msomaji. Mwalimu aliyemlea kijana ndiye aliyemfungia mlango. Si jambo geni. Hata leo fundi hukataa kumfunza msaidizi wake siri ya kazi, akichelea kuwa akijua atafungua duka lake ng'ambo ya barabara.

VIBOKO VYA QAYRAWAN

Ziryab alielekea magharibi mpaka akafika Qayrawan, katika Tunisia ya leo, ambako walitawala Bani Aghlab. Amiri wakati huo alikuwa Ziyadat Allah wa kwanza, aliyeshika utawala mwaka 817. Hapa twamsoma Ibn Abd Rabbih, mwandishi wa Cordoba aliyefariki mwaka 940, ambaye yuko karibu zaidi na zama zenyewe kuliko al-Maqqari. Yeye asema Ziryab aliimba mbele ya Amiri beti za Antara, yule shujaa na mshairi wa kale ambaye mamake alikuwa mwanamke mweusi. Beti zile zilikuwa za kujivunia asili hiyo. Amiri akaona amedharauliwa. Akaamuru Ziryab apigwe, kisha akampa siku tatu awe ametoka katika nchi yake. Akionekana baada ya hapo atakatwa kichwa.

Mtu aliyetoka Baghdad kwa wivu wa mwalimu, sasa yuwatoka Qayrawan kwa hasira ya mtawala, na alama za mapigo mwilini. Wangapi wangekata tamaa hapo? Yeye hakurudi nyuma. Mbele yake kulikuwa na bahari, na ng'ambo ya bahari kulikuwa na Andalus.

MGENI AINGIA MJINI

Amiri wa Andalus, al-Hakam wa kwanza, alikuwa amepata habari zake na akamkaribisha. Akamtuma muimbaji wake Mansur, ambaye alikuwa Myahudi, aende kumpokea. Ziryab akavuka na jamaa zake akashukia Algeciras. Ilikuwa mwaka 822, sawa na 206 Hijria. Hajatua mizigo vizuri, habari zikamfikia kuwa al-Hakam amefariki.

Jamani! Fikiria umefika uwanja wa ndege wa nchi ya watu, na yule aliyekualika hayupo tena duniani. Ziryab alikuwa tayari kurudi Afrika. Mansur ndiye aliyemtuliza, akamshauri asubiri, akamuandikia Amiri mpya, Abd al-Rahman wa pili, mwana wa al-Hakam. Huyo Mansur naye alikuwa muimbaji wa kasri. Mgeni huyu angeweza kumpunguzia nafasi yake mwenyewe, na bado alimfungulia mlango. Baghdad mwalimu wake mwenyewe alimfukuza, na hapa mtu asiyemjua, tena si wa dini yake, akamshika mkono.

Jibu la Amiri lilikuja kwa heshima kubwa. Akatumiwa nyumbu na zawadi, na magavana wa njiani wakaamriwa wamtunze. Aliingizwa mjini usiku ili kuwasitiri wanawake wa nyumba yake, akapewa nyumba iliyo tayari, na akaachwa apumzike siku tatu kabla ya kuitwa.

Al-Maqqari ataja malipo yenyewe: dinari 200 kila mwezi, dinari 20 kwa kila mmoja wa wanawe wanne aliokuja nao, dinari 1,000 kila Idi, pamoja na nafaka, nyumba na mashamba. Na haya yote yalipangwa kabla Amiri hajasikia hata wimbo mmoja kutoka kwake. Alipomsikia, hakutaka tena kumsikiliza mwengine.

Cordoba aliyoikuta Ziryab ilikuwa mji unaokua kwa kasi, kando ya mto ambao Waarabu waliuita al-Wadi al-Kabir, yaani bonde kubwa, na hadi leo Wahispania wauita Guadalquivir. Msikiti mkuu ulikuwa umeanza kujengwa miaka ya 780, na Amiri huyu Abd al-Rahman wa pili ndiye aliyeupanua mara ya kwanza. Karne moja baadaye Cordoba ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Ulaya. Lakini mwaka 822 watu wake wengi bado waliitazama Baghdad kama watu wa mashambani wanavyotazama mji mkuu. Ndipo akaja mtu wa Baghdad mwenyewe.

UZI WA TANO NA MEZA YA CHAKULA

Udi wa zamani ulikuwa na nyuzi nne. Wataalamu wa wakati ule walizilinganisha na tabia nne za mwili wa binadamu, na kila uzi ulikuwa na rangi yake: manjano, nyekundu, nyeupe na nyeusi. Ziryab akaongeza uzi wa tano katikati, akasema mwili bila roho haujakamilika, na uzi huo ndio roho. Pia aliacha kijiti cha mbao cha kupigia, akatumia unyoya wa tai, ambao ni laini na hauli nyuzi. Mpaka leo Waarabu hukiita kifaa hicho risha, neno lenye maana ya unyoya.

Na si muziki pekee. Kabla yake, kama wanavyosimulia, vyakula viliwekwa mezani vyote kwa pamoja, nyama na tamutamu na matunda fujo moja. Yeye akawafunza watu mpango: supu kwanza, kisha nyama na vyakula vizito, mwisho vitamu. Aliwaonyesha kuwa gilasi nzuri ni bora kuliko vikombe vya dhahabu na fedha. Muislamu yeyote aliyesoma madrasa ajua kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, kwa hivyo hapo fasheni na sunna zilikutana. Aliwafunza kutandika meza kwa ngozi laini inayofutika kwa urahisi, kuvaa nguo kulingana na majira, kukata nywele vizuri, na kuondoa harufu ya kwapa.

Ni lazima tuwe wakweli hapa. Habari hizi zilikusanywa na Ibn Hayyan, mwanahistoria wa Cordoba aliyefariki mwaka 1076, na karne nyingi baadaye al-Maqqari akachagua zile za sifa zaidi. Mtu akiwa mashuhuri, kila kizuri cha zama zake huandikiwa yeye. Wako watafiti wa leo wanaoona kuwa mengine yalikuwa kazi ya watu wengi. Hata hivyo watu wa Cordoba walimkumbuka mgeni huyu kama mtu aliyewafunza adabu, na hilo lenyewe ni ushahidi. Wahamiaji wangapi hukumbukwa hivyo na wenyeji?

SIKU HAZINA ILIPOFUNGWA

Kisa hiki chatoka kwa Ibn al-Qutiyya, mwanahistoria wa Andalus wa karne ya 10, na kingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya serikali.

Usiku mmoja Ziryab aliimba, na Amiri akafurahi kupita kiasi. Akaamuru alipwe dinari 30,000 kutoka hazina. Mjumbe alipofika kwa watunza hazina na amri ile, wakatazamana. Kisha wakakataa. Walieleza kwamba wao ni watunza hazina wa Waislamu wote. Pesa zile zakusanywa kwa ajili ya maslahi ya Waislamu, na hawako tayari kusimama siku ya Kiyama na deni la muimbaji katika madaftari yao. Kama Amiri yuwataka kumtunza mtu wake, na atoe mfukoni mwake.

Mjumbe akarudi na majibu hayo, na Ziryab mwenyewe aliona kuwa huo si utiifu. Amiri akaona kinyume: huo ndio utiifu wa kweli. Hakumfukuza mtu kazi. Aliwasifu watunza hazina wale, akawapandisha cheo, kisha akamlipa Ziryab kutoka mali yake binafsi.

Ziryab alikuwa kipenzi cha mtawala, lakini mbele ya mali ya umma kipenzi na masikini walisimama mstari mmoja. Na wale makarani walikuwa na mishahara, watoto na woga kama sisi. Walijua kuwa Amiri aweza kuwakata vichwa. Walichagua kumuogopa Mwenyezi Mungu zaidi.

ALIFUNZA, HAKUFICHA

Sasa twafika penye kiini cha maisha ya mtu huyu. Ziryab, aliyeteswa na mwalimu mwenye husuda, angeweza naye kuwa hivyo hivyo. Angesema: nimeteseka kupata haya, nitayaficha. Badala yake alifunza, na wanafunzi wakaja.

Utaratibu wake wa kufunza umeandikwa. Mwanafunzi mpya alikalishwa juu ya mto wa duara na kutakiwa atoe sauti kwa nguvu. Sauti ikiwa dhaifu, alifungwa kilemba tumboni ili pumzi ipate nguvu. Akiwa ni mtu wa kubana meno, aliwekewa kipande cha mti mdomoni mpaka taya zifunguke. Mwenye sauti safi alipokewa. Asiyekuwa nayo aliambiwa ukweli mapema asipoteze wakati wake. Kisha masomo yalikwenda kwa hatua: mdundo na maneno kwanza, halafu sauti ya wimbo wenyewe, na mwisho yale madoido. Hakuna kuruka darasa. Anayehifadhi Qur'ani ataujua utaratibu huu, kwani makharij huja kabla ya tajwidi ya juu, na hakuna ustadhi akuruhusuye kuanza na madoido.

Alikuwa na wana wanane na mabinti wawili, na wote walipata fungu la kazi ya baba yao. Binti yake Hamduna alikuwa hodari, akaolewa na waziri Hashim bin Abd al-Aziz. Binti wa pili, Ulayya, ndiye aliyeishi kuliko wote, na ndugu zake walipokwisha kufariki watu walimuendea yeye kujifunza yale ya Ziryab. Zingatieni hilo, wazazi. Elimu ya nyumba ile iliokolewa na binti, kwa sababu baba hakuwabagua watoto wake katika kufunza.

Ziryab alifariki Cordoba katikati ya karne ya 9. Baghdad hakurudi.

KILICHOBAKI

Cordoba ilitoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1236, na msikiti ule mkuu ukafanywa kanisa. Waislamu wa Andalus walipohama na kufukuzwa, walivuka bahari ile ile aliyovuka Ziryab, safari hii kuelekea kusini, wakabeba nyimbo zao hadi Morocco, Algeria na Tunisia. Huko muziki wa Andalus wapigwa hadi leo, na wapigaji wake humhesabu Ziryab kuwa babu yao. Udi nao ulikwenda Ulaya, ukabadilika, na Wahispania hadi leo wauita laúd, ambalo ni neno letu lile lile, al-ud. Kwetu pwani udi ulikuja kwa njia nyengine, kwa majahazi ya Waarabu, na ukisikia taarab ya zamani ya Mombasa au Zanzibar utausikia. Mto mmoja, mikono mingi.

Na Ishaq al-Mawsili? Alibaki Baghdad na cheo chake, na alikuwa bingwa kweli, vitabu vya Waarabu vimemtukuza. Lakini vijana wengi wa leo wakisikia jina lake, hulisikia ndani ya kisa cha Ziryab. Alitaka kulizima jina la mwanafunzi wake, akaishia kumpa nauli ya kwenda kupata umaarufu.

Basi, ndugu yangu unayengojea visa, au wewe dada unayeomba nafasi ya chuo ng'ambo, jiulize maswali mawili. La kwanza: ukifika huko, ni nini ulichobeba ambacho hakiwezi kunyang'anywa na mtu wa forodha? Ziryab aliibiwa cheo, akapigwa, mwenyeji wake akafa, lakini ujuzi na adabu vilikuwa kifuani mwake. Na la pili: ukishafanikiwa, utamfungulia nani mlango? Utakuwa Ishaq, au utakuwa Mansur?

Tuko katika mwezi wa kusafisha nyoyo, na husuda ni katika uchafu wa kwanza wa moyo. Usiku wa leo, kabla ya kulala, mfikirie mtu mmoja anayekuzidi katika kazi yako au darasa lako, umuombee dua ya kheri kwa jina lake. Ni jambo zito kidogo, lakini jaribu.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.